Sinema za Kutisha Ambazo Hakuna Aliyeziona

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, na baada ya mashauriano marefu na wataalamu ambao simu zao hazikupatikana, Kamati Kuu ya Sinema za Kutisha Zilizopuuzwa, tawi la Magharibi mwa Sydney, iliwatangazia raia wote kwamba msimu wa Halloween unakaribia. Ilisema ni aibu kwa watu wenye akili timamu kukesha mbele ya sinema zilezile za kila mwaka, mtu na kisu chake, msichana na nywele zake usoni, ilhali duniani kuna kazi adhimu zilizofunikwa na vumbi, ambazo Kamati, kwa moyo wa kujitolea, ilikuwa tayari…

"Oloo," Mama akaita kutoka jikoni, "hizi sufuria zinajiosha?"

Kamati ikaahirisha kikao, ikaenda kuosha sufuria.

Kamati yenyewe ilikuwa mimi peke yangu. Makao yake makuu yalikuwa chumba changu, Toongabbie, ambako tangu mji ufungwe mwezi wa Juni nilikuwa nikihudhuria masomo kwenye kompyuta nikiwa nimevaa shati la shule juu na suruali ya kulalia chini. Sasa ilikuwa Septemba ya mwaka wa 2021. Tangazo langu nililirekodi kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya uchaguzi, nikalituma kwenye kundi la WhatsApp la vijana wa kanisa letu. Kundi hilo lilikuwa halijapokea kitu kwa wiki nyingi isipokuwa mistari ya Biblia na picha za mikate iliyookwa vibaya.

Hapa sina budi kueleza sifa zangu za kitaaluma. Kabla Mama, ambaye ni muuguzi, hajanileta Australia mwanzoni mwa mwaka 2020, nilikuwa katika shule ya bweni kule Kenya, ambayo sitaitaja jina kwa kuwaheshimu wapishi wake. Shuleni kwetu taa zilipozimwa, waliotoka likizo walikuwa na wajibu wa kuwasimulia wenzao sinema walizotazama, kuanzia mwanzo hadi mwisho, pamoja na milio ya bunduki na muziki wa hatari. Msimuliaji mzuri alipewa kipande cha mkate. Msimuliaji bora alifuliwa soksi. Mimi soksi zangu nilizifua mara moja tu, katika muhula wa kwanza, kabla kipaji changu hakijajulikana.

Hakuna aliyewahi kuuliza nilizitazama wapi. Nyumbani kwa nyanya, nilikokuwa nikienda likizo, runinga ilikuwa na chaneli moja na chenga nyingi. Kwa hiyo nakuambia wewe, msomaji, jambo ambalo bweni zima halikujua: sinema zile nilikuwa nazitunga mwenyewe, nikiwa nimelala chali, huku naziangalia mbao za kitanda cha juu.

Kwa hiyo Kamati ilipopendekeza sinema tatu za kuanzia, usizitafute. Ya kwanza, *Mpishi wa Zamu*, ilitoka Japani. Ilihusu mpishi anayegawa uji kwenye foleni, na kila anayepata upawa wa mwisho husahau jina la mama yake. Ya pili, *Kamba Imeungua*, ilikuwa ya Argentina: kengele ya kijiji inalia kila alfajiri, na kamba yake iliteketea zamani pamoja na aliyekuwa akiivuta. Ya tatu, fahari ya Kamati, ilikuwa ya Ufini, nayo iliitwa *Anayegonga Yuko Ndani*. Watoto wamekwama kwa theluji katika jengo kubwa. Chini ya kila kitanda kuna sanduku la bati lenye kufuli. Usiku mmoja, sanduku moja linaanza kugongwa kutoka ndani, na kila mtoto anaapa kwamba si lake.

Majibu hayakuchelewa.

"Nimetafuta hiyo ya Japani, haipo," akaandika Cheryl, binti wa jirani yetu.

"Ndiyo maana ya kupuuzwa," nikajibu.

"Nimetafuta hata kwa Kijapani," akaandika Bruno.

"Kijapani kipya au cha zamani?"

Bruno akarudi kwenye picha za mikate. Nilijiona kama waziri aliyetoka bungeni salama.

Kesho yake Aline akanipigia simu. Aline, ambaye familia yake ilitoka Kongo, aliishi Smithfield, karibu na maghala ambako baba yake, Papa Venant, alikuwa akiendesha foklifti. Tulikuwa hatujaonana tangu kanisa lifunge milango, kwa sababu kutoka kwetu hadi kwao kulikuwa mbali kuliko serikali ilivyoruhusu mtu kutembea. Nilidhani amepiga kunipongeza.

"Weye Mukenya," akasema, "umefanya nini kwa Koko wangu?"

"Kamati hupokea malalamiko kwa maandishi tu."

"Nyamaza, nisikilize. Niko corridor, nakunja nguo, simu inasema. Ile ya Ufini. Umefika pale sanduku linagonga, unafanya ko, ko, ko. Na mlango wa Koko ukafanya ko, ko, ko. Kutoka ndani."

Nilitoka kitandani nikahakikisha mlango wangu mwenyewe umefungwa.

Koko ndivyo alivyomwita babu yake, Mzee Balthazar, baba wa Papa Venant. Mke wake, Mama Chibalonza, ambaye Aline alimwita Tate, alifariki mwezi wa Agosti, moyo ulimsimama akiwa jikoni. Siku hizo mazishi yaliruhusiwa watu wachache mno. Kanisa zima lilimzika kupitia simu, kila mtu nyumbani kwake, sauti za kwaya zikipishana kwa sababu mtandao wa kila mmoja ulikuwa na mwendo wake. Aliporudi kutoka makaburini Mzee aliingia chumbani akafunga mlango. Alisema ndiyo na alisema hapana, basi. Sahani ilirudi jikoni ikiwa karibu kama ilivyokwenda.

"Nikarudisha nyuma, nikaweka tena," Aline akaendelea. "Pale pale akagonga tena. Nikasikiliza kwa mlango. Helikopta ya polisi ikapita juu ya nyumba, unajua vile zinazunguka huku kila siku. Koko akasema, 'Hiyo iko inje ya filime.' Oloo, hiyo ndiyo sentensi ya kwanza amesema tangu tumzike Tate."

"Anapenda sinema?"

"Anapenda? Uvira alikuwaka na salle ya kuonyesha video. Bancs za watu kukaa, générateur ya umeme, bei ya kuingia, kila kitu. Filime za Hong Kong, filime za wapi na wapi. Alikuwa anazima sauti, anatafsiri yeye mwenyewe kwa Kiswahili, watu wote, wanaume, wanawake, farasi. Watu walitoka Bujumbura kumsikiliza." Akavuta pumzi. "Sasa tuma ingine. Ndefu."

"Nitatazama ratiba ya Kamati."

"Oloo." Sauti yake ikashuka. "Papa anaogopa. Hasemi, lakini akirudi kazini anasimama kwa ule mlango na boots zake bado miguuni, anasikiliza kama Koko anapumua. Mimi nataka tu atoke mle ndani. Hata akifika jikoni peke yake, inatosha. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Nikamwambia Kamati imeridhia.

Basi Kamati ikafanya kazi kama haijawahi kufanya. Nilijifunika blanketi kichwani ili sauti isipite ukutani, nikarekodi mpaka jasho likanitoka. Nilitoa sinema ya Ureno ambamo mlezi wa watoto hupita kila jioni akihesabu vitanda na kila mara kinazidi kimoja. Nilitoa ya Bulgaria ambamo maiti wanapanga foleni ya maharage na kusukumana. Ufini nikaigawa vipande, kwa sababu Mzee aliipenda kuliko zote, na kila kipande nilikikatiza pabaya kwa makusudi.

Habari kutoka Smithfield zilinifikia kupitia kwa Aline. Mzee ameacha mlango wazi kiasi cha mkono kupita. Mzee ameleta kiti, amekaa mlangoni, nusu ndani nusu nje. Mzee amelalamika kwamba huyu mutoto wa Kenya anaharakisha sana, filime inataka kupumua. Siku moja Aline alinitumia sauti bila maneno. Nilisikia kijiko kikigonga sahani, maji yakimiminwa, kisha sauti nzito ya mwanamume ikisema, "Ongeza chumvi." Alikuwa jikoni.

Niliisikiliza sauti ile mara kadhaa. Sitasema ngapi, Kamati ina heshima yake.

Oktoba mji ukafunguliwa. Watu walijipanga nje ya vinyozi kana kwamba wanagawiwa dhahabu. Majirani wetu wakatundika buibui wa plastiki kwenye uzio, na Mama, ambaye huamini Halloween ni shetani aliyepewa likizo, akawa anapita pale akitazama mbele kama askari wa gwaride. Mimi nilikuwa nimechanjwa mara mbili na nilijiona sina deni na mtu. Ndipo Aline akapiga tena.

"Koko anataka kuonyesha."

"Kuonyesha nini?"

"Filime ya Ufini. Anasema si ya kusikiliza kwa simu, ni ya kuonyesha watu. Jumapili, siku ya Halloween yenyewe, nyuma ya nyumba. Amemtuma Papa kuazima projekta kwa kanisa. Ameingia chumbani akatoka na shuka la Tate, lile jeupe alilokuwa anawekea wageni, anasema ndilo ecran ya filime. Oloo, amenyoa ndevu." Alicheka, na kicheko chake kilikuwa kama mtu anayekaribia kulia. "Weye leta filime tu."

"Ile filamu ni adimu sana, Aline."

"Lakini wewe umeitazama."

"Naam."

"Basi unayo."

"Hoja yako haina kasoro," nikasema kwa huzuni.

Nilikaa kitandani nikatafakari, jambo ninalolifanya nikikosa njia nyingine. Nikimwambia Mzee kwamba sinema haipo, atajua alitolewa chumbani kwa uongo, na mtu aliyetolewa kwa uongo ana haki zote za kurudi. Mlango ungefungwa, na safari hii hakuna kugonga ambako kungeufungua. Lakini kama sinema ipo, ila tu imeharibika njiani, hakuna aliyedanganywa. Wa kulaumiwa ni teknolojia. Hata kwenye bunge teknolojia hulaumiwa.

Jumamosi mchana, Mama akiwa amelala baada ya zamu, nilichukua flash ya kompyuta iliyokuwa kwenye droo ya sebuleni, nikaiweka sakafuni na kuipiga kwa kisigino cha kiatu. Flash ni kitu kigumu kuliko unavyodhani. Nilikuwa kwenye pigo la sita au la saba mlango ulipofunguka, nikaifunika kwa kiatu.

"Unafanya nini?" Mama akauliza. Alikuwa na kilemba chake cha kulalia na macho mekundu ya zamu.

"Napima uimara wa vifaa."

Alinitazama kwa muda. Mama yangu, Zilpah, amefanya kazi wodini miaka mingi, na ana jicho la kutazama mtu anayesema hana maumivu.

"Mzee wa kina Aline anakungoja kesho," akasema.

"Umejuaje?"

"Oloo, ule ukuta ni wa mbao nyembamba, na blanketi ni blanketi. Nimesikia Ureno, nimesikia Bulgaria. Sijui hiyo Ufini imekufanyia ubaya gani." Akafunga mkanda wa gauni. "Kesho niko off. Nitakupeleka mwenyewe."

"Naweza kupanda basi."

"Najua unaweza. Ndiyo maana nakupeleka."

Kesho yake Mama akaendesha gari mpaka tukaingia barabara ya Smithfield, yenye maghala pande zote mbili yaliyofungwa kwa sababu ya Jumapili. Hapo akasema, bila kunitazama, "Mtu aliyefiwa, kila mtu anamdanganya. Wanamwambia atapoa. Wanamwambia mama alikuwa amechoka, sasa amepumzika. Nami nimeyasema hayo, tena mara nyingi mwaka huu. Wewe tafuta lako la kumwambia."

Nilishika ile flash mfukoni. Ilikuwa imepinda kidogo.

Nyuma ya nyumba ya kina Aline palikuwa na majani mafupi, kamba ya kuanikia nguo, na pale kwenye kamba shuka jeupe la Mama Chibalonza, limebanwa kwa vibanio, limenyooka bila kunjo hata moja. Mbele yake viti vya plastiki, na watu wa kanisani wameshaanza kukaa. Papa Venant alikuwa akihangaika na waya wa projekta juu ya kreti la soda. Mama alikabidhi sambusa alizobeba na kukaa safu ya nyuma, kama mtu anayejua ataondoka na nani.

Mzee Balthazar alikuwa ameketi kando ya shuka, si mbele yake, akiwatazama watu. Nilikuwa sijawahi kumwona kwa karibu. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Koti lilimlegea mabegani, lakini shati lilikuwa limepigwa pasi na kidevu kiling'aa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Weye ndiye mutoto wa filime." Akanishika mkono akaugeuza, kama anatafuta kitu kiganjani. "Nilifikiri uko mukubwa. Sauti yako iko na tumbo."

"Ndiyo, Mzee."

"Filime iko wapi?"

Aline alikuwa nyuma yake, na sahani za karatasi mkononi, ananitazama kwa macho ambayo yalikuwa yameniamini tangu Septemba. Nikaitoa flash. Nikaitoa kwa heshima, kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mwenge.

"Mzee, kumetokea msiba mdogo wa kiufundi," nikasema. "Imeharibika njiani."

Papa Venant aliacha waya. Uso wa Aline ulinywea, akamtazama babu yake, kisha akatazama mlango wa nyuma wa nyumba, na nilijua anaona nini: corridor, na mlango mwishoni mwake.

Mzee aliigeuza ile flash kwenye vidole. Akaiangalia palipopinda. Akaitia katika mfuko wa shati.

"Générateur imekufa," akasema. "Inatokeaka. Uvira ilikuwa inakufa kila wiki, na watu wameshalipa. Unajua nilifanyaka nini?"

"Ulirudisha pesa?"

"Kurudisha pesa." Alitazama safu za viti kama anataka ushahidi. "Venant, washa ile taa. Weye, simama huku. Anza."

"Nianze nini?"

"Filime."

Papa Venant akawasha projekta. Mwanga mweupe mtupu ukajaa kwenye shuka, na jua lilikuwa ndio linazama nyuma ya maghala. Nilisimama upande mmoja, Mzee ameketi upande wa pili. Nikaanza kama nilivyokuwa nikianza bwenini, polepole, theluji kwanza.

Niliposema theluji inaanguka, Mzee alipuliza kwa midomo, na nikasikia theluji. Nilipomtaja mwalimu wa zamu, akasema kwa sauti ya mwalimu wa zamu, ya puani, ya kuchoka, na watu wakacheka. Nilipomleta mtoto mdogo anayelia, Mzee alilia kidogo sana, nusu ya kilio, na mama mmoja wa kanisani akasema, "Yesu." Sikuwa nimemwambia lolote litakalofuata, lakini alikuwa amezisikia sauti zangu zote, na kila nilipogeuka alikuwepo tayari. Upepo ukalitikisa shuka. Mzee akageuza kichwa, akalisemea na shuka: "Nani amefungua dirisha?" Watu wakasogeza viti karibu.

Tukafika kwenye sanduku. Mzee alikunja kidole, akagonga mkono wa kiti cha plastiki. Ko, ko, ko. Nikashusha sauti. "Na mtoto akainama," nikasema, "akaangalia chini ya kitanda, na pale gizani…"

Kitu kikanishika suruali kwa nyuma.

Ningependa kuripoti kwamba Kamati ilisimama imara. Kamati iliruka. Iliruka juu ya kreti la soda, ikaangusha projekta mikononi mwa Papa Venant, ikaishia nyuma ya kiti cha Mzee imejikunja, mikono miwili usoni. Ilipoondoa vidole iliona mtoto wa jirani, wa umri wa chekechea, amevaa kinyago cha paka cha karatasi, ameshika ndoo ya kuombea peremende na kungoja kwa adabu.

Kicheko cha kwanza kilitoka juu ya kichwa changu. Kilianza kama kikohozi. Mzee Balthazar alicheka mpaka koti likamtoka begani, akapiga goti, akajaribu kusema, akashindwa, akacheka tena. Wengine wote walimfuata, isipokuwa Aline. Aline alisimama na sahani zake, anamtazama babu yake, mashavu yamelowa. Papa Venant aliweka projekta chini taratibu na kujifuta macho kwa mkono wa sweta.

Mzee alipopata pumzi alimpa yule mtoto sambusa, kisha akanigeukia.

"Sasa niambie. Ufini, watoto wanalala na sanduku la bati, liko na kufuli."

"Ndiyo, Mzee."

"Ureno pia."

Nikaanza kulisimamisha lile kreti la soda.

"Bulgaria, maiti. Wamekufa, wamezikwa, lakini kila mutu na sanduku lake la bati na kufuli. Hata Japani, yule mupishi, anakalia sanduku la bati. Na kila inchi kuna kengele, kuna foleni, na uji uko na wadudu." Akainama karibu. "Hiyo iko inchi moja, mon petit. Inchi gani?"

Nyuma kabisa nilimwona Mama amekunja mikono.

"Nikuambie kitu," Mzee akasema, na hakushusha sauti. "Mimi Kichina sijui hata neno moja. Kiingereza wakati ule pia hapana. Nilizima sauti kwa sababu haikunisaidia. Kila kitu kile walisema, nilisema mimi. Watu walikuwa wanakuja, wanalia, wanarudi kesho. Hakuna aliyeuliza. Msichana mumoja tu alikaa banc ya nyuma, siku filime imeisha akanifuata, akasema: Balthazar, kwa nini kila Mchina kabla ya kupigana analalamika bei ya ndagala, samaki ya soko yetu?"

Akalitazama shuka.

"Nikamwoa. Ningefanya nini? Alikuwa anajua." Akanyoosha mkono akagusa ukingo wa shuka. "Kutoka Agosti nilikuwa nafikiri hakuna mutu tena wa kujua vile. Halafu nikasikia kwa corridor mutu anaongopa vizuri. Nikasema, huyu anataka mutu wa banc ya nyuma." Akanigusa kifua kwa kidole. "Mimi nimesema yangu. Yako?"

Nilitafuta maneno ya Kamati. Nilitafuta "kwa masikitiko makubwa", nilitafuta "hali isiyozuilika". Hayakuja.

"Shule yangu," nikasema. "Sanduku ni langu. Liko kwa nyanya mpaka leo. Hakuna filamu, Mzee. Hakuna ya Ufini, hakuna hata moja. Nimezitunga zote."

"Hiyo nilijua."

"Na zile za kweli, zile za watu wote…" Nikamwangalia Aline, kisha nikaangalia viatu vyangu. "Sijawahi kumaliza hata moja. Muziki ukianza nafunika macho. Naogopa."

"Hiyo ndiyo habari mupya," akasema Bruno kutoka safu ya pili, na safari hii hata Mama akacheka.

Mzee alinipigapiga begani kama mtu anayekagua gunia. Papa Venant akauliza kama afungue vibanio, giza linaingia. "Shuka libaki," Mzee akasema. "Ufini haijaisha. Yule mutoto bado yuko chini ya kitanda. Aline, leta chakula, na chumvi." Akavuta kiti chake kulielekea shuka zaidi, nje kabisa, kwenye majani, mgongo wake ukiwa upande wa nyumba.

Nilianza kujisikia vizuri. Hilo lilikuwa kosa. Mzee alitia vidole mfukoni akaitoa ile flash, akaiinua kwenye mwanga mweupe wa projekta, watu wote wakaiona ilivyopinda.

"Na hii?"

"Niliipiga kwa kiatu."

"Iko ya nani?"

Kule nyuma kiti kikasogea. Mama alikuwa amesimama, ananyoosha shingo, kama mtu anayetambua kitu chake mkononi mwa mgeni. Tangu jana jioni alikuwa akiniuliza kama nimeiona, na tangu jana jioni nilikuwa nikimshauri atafute kwenye gari.

"Ya Mama," nikasema. "Ile ya nyimbo za kwaya."